Umeme sikioni, maumivu tumboni: dhana potofu na ukweli

Wapo wanaojaribu kutuliza maumivu ya tumbo kwa umeme hafifu wa sikioni, unaolenga neva iitwayo vagasi.

Dhana: Kamera ya kupimia tumbo haikuona kidonda, basi maumivu ni mawazo tu.

Wagonjwa wengi Nairobi hurudishwa nyumbani na maneno haya, nayo si ya haki. Ukuta wa utumbo una mtandao wake wenye chembe za neva zaidi ya milioni 100. Neva ya vagasi nayo hushuka kutoka kwenye shina la ubongo hadi tumboni, na takriban asilimia 80 ya nyuzi zake hupeleka habari juu, si chini. Neva hizo zikizoea kushtuka upesi, hata gesi ya kawaida huuma kwelikweli.

Dhana: Kibanio cha umeme kikikaa popote sikioni, kimeifikia vagasi.

Hapa ndipo wengi hupotezea pesa. Tawi la vagasi hufika sehemu chache tu za ngozi ya sikio, na iliyo ya uhakika zaidi ni kishimo kilicho juu kidogo ya tundu. Ndewe, panapotogwa kwa ajili ya herini, huhudumiwa na neva nyingine itokayo shingoni. Ndiyo maana watafiti huwawekea kundi la kulinganishia umeme kwenye ndewe. Majaribio mengi hutumia sikio la kushoto na mapigo 25 kwa sekunde, kila pigo likidumu mikrosekunde 200 hadi 300. Nguvu huongezwa polepole hadi mtu ahisi mchonyoto usiouma.

Ngozi ikiwa na mafuta au elektrodi (kipande kinachogusa ngozi na kupitisha umeme) ikikauka, mkondo hupita kwenye kidoa kidogo na kuchoma. Mtumiaji hupunguza nguvu, kisha hasikii chochote. Futa ngozi kwa spiriti, iache ikauke, ndipo upake jeli.

Pedi za TENS, mashine ya kutuliza maumivu kwa umeme kupitia ngozi, zisiwekwe kamwe mbele ya shingo: zinaweza kushusha mapigo ya moyo ghafla au kukaza koo. Mwenye kifaa cha moyo kifuani asijaribu kabisa bila daktari wake.

Dhana: Umeme wa sikioni huponya vidonda vya tumbo.

Hapana. Bakteria wa H. pylori, wanaosababisha vidonda vingi vya tumbo, huuawa kwa antibiotiki. Kifaa cha IB-Stim kiliruhusiwa Marekani mwaka 2019 kwa vijana wa miaka 11 hadi 18 wenye maumivu ya tumbo yatokanayo na utumbo mwepesi kushtuka. Nacho hutumia visindano vinavyotoboa ngozi ya sikio; kwa ruhusa hiyo ya 2019 kilivaliwa hadi saa 120 kwa wiki, hadi wiki tatu mfululizo.

Choo cheusi kama lami, kutapika damu, kukonda bila sababu au chakula kukwama kooni: nenda hospitali, usisubiri kujaribu kifaa.