Siku ya kukata utepe kwenye njia ya baiskeli iliyokuwa reli

Siku ya uzinduzi njia hubeba watu wengi kuliko itakavyobeba siku nyingine yoyote, na hubeba umati huo ikiwa bado mbichi. Ndiyo maana naichukulia sherehe yenyewe kama kazi ya ufundi. Hotuba waachie wengine wazipange. Mfano wangu ni Great Allegheny Passage ya Marekani, njia ya baiskeli ya kilomita 240 kutoka Cumberland, Maryland, hadi Pittsburgh, Pennsylvania. Kipande cha kwanza, kama kilomita 15 pale Ohiopyle, kilifunguliwa 1986, na sherehe ya kukamilika kwa njia nzima ikafanyika Pittsburgh Juni 2013. Kwa hiyo uzinduzi wa vipande vipande si aibu.

Tuanze chini ya magurudumu. Reli na mataruma vikishang'olewa, tuta hubaki na mabonde pale mataruma yalipolala, moja kila nusu mita hivi. Ukimwaga mawe mapya juu yake bila kupitisha greda kwanza, mawimbi hayo yatajitokeza tena, na mpanda baiskeli atayahisi viganjani. Kwangua, sawazisha, kisha weka sentimita 10 hadi 15 za mawe ya chokaa yaliyosagwa, vipande visivyozidi milimita 10 pamoja na vumbi lake lote. Vumbi ndilo gundi. Muuzaji akikuletea mawe yaliyooshwa, hata yakipendeza macho, yarudishe: yatazunguka chini ya tairi kama gololi. Kabla ya kushindilia, kamata konzi moja uikaze. Ikibaki donge bila kuchuruzika maji, leta rola. Ikimomonyoka, mwagia maji kwanza. Upande mmoja wa njia uwe juu kidogo, asilimia 2, yaani sentimita 6 kwa upana wa mita 3. Ukiiacha bapa kabisa, maji yatasimama katikati na mvua ya kwanza itachonga mfereji.

Baada ya hapo njia inataka wiki kadhaa na mvua nzito moja au mbili ili ikae. Mgeni rasmi naye huwa ameshapewa tarehe. Kama tarehe haisogei, wiki ya mwisho mwagia maji na kupitisha rola tena mara mbili, hasa kwenye mita 200 za kuanzia, maana hapo ndipo watu wote huondoka kwa pamoja na kubana breki kwa pamoja.

Utepe usifungwe juu ya tuta. Nimeona mipango mingi ya kuufunga katikati ya daraja kwa sababu ya picha. Ni wazo baya. Tuta lina upana wa mita tatu na mporomoko pande zote mbili, kwa hiyo anayetaka kugeuza baiskeli hana pa kugeuzia. Tumia uwanja wa stesheni ya zamani, ambako reli zilikuwa zikipanuka. Watu waondoke kwa makundi ya hamsini kila baada ya dakika tatu, wote kuelekea upande mmoja, familia zenye watoto zikitangulia. Wenye haraka wakitangulia, watageuza mapema na kukutana uso kwa uso na watoto.

Mwelekeo una uzito kuliko wengi wanavyodhani. Treni haziwezi milima mikali, kwa hiyo mwinuko wa reli ni mpole na mrefu. Kutoka Cumberland njia hupanda kama kilomita 38 hadi mgawanyo wa maji wa mashariki, yaani kilele ambako maji ya mvua hugawanyika kwenda pande mbili, mita 729 juu ya bahari, na pakali kabisa ni asilimia 1.75 tu. Ukipanda hutambui sana isipokuwa mapajani. Ukishuka, baiskeli inakwenda yenyewe na mtoto anafika kasi asiyoizoea. Treni ya kitalii, Western Maryland Scenic Railroad, hupandisha baiskeli hadi Frostburg, na watu hushuka karibu kilomita 25 hadi Cumberland. Ukipanga safari ya namna hiyo, kagua breki za kila baiskeli ya mtoto kabla haijapakiwa, na uwe na ratiba ya treni mfukoni: ndani ya handaki la Brush, treni na baiskeli hupita ubavu kwa ubavu.

Mahandaki yana hatari yake. Handaki la Big Savage, kwenye njia hiyo hiyo, lina urefu wa karibu kilomita moja, na hufungwa majira ya baridi kwa sababu ya barafu, basi usipange uzinduzi wa Januari. Anayetoka juani huwa kama kipofu kwa sekunde kadhaa. Weka mtu mita 30 kabla ya mlango awaambie watu wavue miwani ya jua na kuwasha taa, na mwingine upande wa kutokea wa kuwafukuza wapiga picha, kwani mgongano hutokea hapo wanaposimama. Kwenye madaraja, mbao za sakafu zilale kukatiza njia. Zikilala kwa urefu, tairi jembamba huingia kwenye mwanya na kunasa.

Vigingi vya chuma vinavyozuia magari ving'olewe siku hiyo, na matundu yake yafunikwe sawasawa na ardhi. Katikati ya umati kigingi hakionekani mpaka aliye mbele yako akikwepe, na gari la wagonjwa linahitaji kupita. Wape wahudumu wa gari hilo ramani ya mageti pamoja na namba za vibao vya maili. Kwenye Great Allegheny Passage zinahesabiwa kuanzia sifuri Cumberland.

Meza ya fundi iwe na mipira ya ndani ya inchi 20, 26 na ya milimita 700, ya vali nyembamba na vali nene, na pampu inayoingia zote mbili. Tairi lenye upana wa chini ya milimita 32 litateseka. Mvua ikinyesha, vumbi la chokaa hugeuka uji unaokula mnyororo, kwa hiyo wekeni ndoo za maji, brashi na mafuta mwisho wa safari.

Kesho yake, kabla jua halijakausha njia, pita na rola mahali palipochimbika, kisha rudisha vigingi.