Balozi wa Bidhaa Mtandaoni: Yanayoaminiwa na Yaliyo Kweli

Dhana: Mwenye wafuasi wengi ndiye atakayeuza zaidi.

Hii ndiyo inayomaliza bajeti za kampuni nyingi zinapotafuta balozi, yaani mtu wa kulipwa azisifie bidhaa zao mtandaoni. Idadi ya wafuasi inaeleza ni watu wangapi waliwahi kubonyeza kitufe. Haielezi wanaishi wapi, wana uwezo gani wa kununua, wala kama bado wanamsikiliza. Tena wafuasi wa bandia wanauzwa, na kwa bei ndogo tu. Msanii wa Dar es Salaam anaweza kuwa na mashabiki Lubumbashi, Muscat na Nairobi. Wewe mwenye duka la vigae Mbeya hao watakusaidia nini? Fundi wa hapohapo Mbeya anayeposti kazi zake, mwenye wafuasi elfu chache wanaomuuliza watumie saruji gani, maneno yake yanageuka oda.

Kabla ya kusaini mkataba na balozi, mwombe takwimu za akaunti yake. Instagram humwonyesha mwenye akaunti ya biashara miji na umri wa wafuasi wake. Kisha kaa usome maoni. Mtu mmoja anayeuliza "mnapatikana wapi?" ana thamani kuliko mlolongo mrefu wa emoji za moto.

Dhana: Akishapiga picha na bidhaa, kazi imekwisha.

Watu wanamtazama balozi hata siku ambazo hajalipwa kuposti. Eliud Kipchoge alipokimbia marathoni kwa saa 1:59:40 mjini Vienna, Oktoba 2019, viatu vya Nike vilikuwa miguuni mwake, na dunia nzima iliviona vikifanya kazi. Linganisha na BlackBerry, kampuni ya simu iliyomtangaza mwanamuziki Alicia Keys kuwa mkurugenzi wake wa ubunifu Januari 2013. Mwezi uliofuata, akaunti ya Twitter ya Alicia ikatoa ujumbe ulioonyesha umetumwa kwa iPhone. Alisema akaunti ilidukuliwa, lakini habari ilikuwa imeshasambaa. Mpe ubalozi mtu ambaye angeitumia bidhaa yako hata usingemlipa.

Dhana: Tangazo linafaa zaidi likifichwa lisionekane kuwa tangazo.

Mfuasi ana haki ya kujua kwamba sifa anazozisoma zimelipiwa. Kwenye mambo ya fedha, sheria inaweza kudai zaidi ya hapo. Kim Kardashian, nyota wa televisheni wa Marekani, aliposti kuhusu sarafu ya kidijitali EthereumMax mwaka 2021, akaweka alama ya tangazo, lakini hakusema kwamba alilipwa dola 250,000. Oktoba 2022 alikubali kuilipa mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji Marekani dola milioni 1.26.

Dhana: Picha za wateja wetu tunaweza kuziposti tutakavyo.

Hapana. Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya aliutoza mgahawa mmoja wa Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Omba ruhusa, ikiwezekana kwa maandishi.

Dhana: Balozi mzuri atafunika huduma mbovu.

Hapa ndipo ninapoumia zaidi, kwa sababu fedha zimeshatumika na wateja wameshakuja. Balozi amefanya kazi yake, watu wamefika kwenye ukurasa wa kampuni, wanauliza bei, wanajibiwa "njoo inboksi". Wakienda inboksi, kimya hadi kesho. Wengi wao hawarudi, na wengine wanakwenda kulalamika kwenye ukurasa wa balozi, ambaye hana bidhaa wala jibu.

Andika bei chini ya picha. Weka namba ya WhatsApp yenye mtu wa kuijibu, hasa jioni ya siku ambayo balozi ameposti. Na kila balozi apewe msimbo wake wa punguzo, yaani neno au namba ambayo mteja anaitaja ili apunguziwe bei, ili mwisho wa mwezi mhasibu aone mauzo yapi yametoka kwa nani.