Unyanyapaa ni kitu kimoja, ubaguzi wa rangi katika tiba ya akili ni kingine

Historia ya hospitali za magonjwa ya akili ikizungumzwa redioni au kwenye semina za afya, neno linalotangulia ni unyanyapaa. Mwafrika aliyelazwa Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili ya Nairobi, enzi ya mkoloni, tunaambiwa, alinyanyapaliwa. Mmarekani Mweusi aliyefungiwa hospitali ya watu wa rangi yake peke yao, naye alinyanyapaliwa. Nimelisikia hili mara nyingi mno, tena kutoka kwa watu wenye nia njema na elimu ya kutosha.

Kwa ufupi basi. Unyanyapaa ni kumtenga au kumdharau mtu kwa sababu ya ugonjwa alio nao, au anaodhaniwa kuwa nao. Ubaguzi wa rangi katika tiba ya akili ni pale asili ya mtu inapoamua, kabla hajachunguzwa, ni magonjwa gani anaweza kuugua, ugonjwa wake utaitwaje, atalazwa wapi, atapewa nini, na kama malalamiko yake yatapokewa kama neno la mtu mzima au yataandikwa kwenye faili kuwa dalili.

Unyanyapaa tunaujua vizuri. Mirembe ni hospitali iliyofunguliwa Dodoma mwaka 1927, lakini kwa Watanzania wengi jina hilo ni tusi kabla ya kuwa jina la mahali. Wakenya nao wana Mathari, ambayo wengi huiita Mathare. Mtu akipata nafuu na kurudi nyumbani, kuna watakaokataa kula naye, na kuna familia zitakazoficha kwamba aliwahi kulazwa. Hayo yanaumiza na kampeni za kuyapinga zina haki yake. Ila tazama mpangilio: kwanza ugonjwa, kisha dharau. Na mwenye dharau mara nyingi ni jirani au ndugu asiyeelewa, ndiyo maana tunasema akielimishwa atabadilika.

Katika ubaguzi wa rangi mpangilio unageuka. Dharau ndiyo inayotangulia, halafu ugonjwa unatafutwa ili uifuate. Anayeutafuta ni daktari mwenye shahada, mwenye hospitali ya kuongoza na jarida la kuchapishia. Huwezi kumtibu kwa bango la kuelimisha umma, kwa kuwa yeye ndiye anayeandika yanayofundishwa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa mwaka 1851. Samuel Cartwright, daktari wa Louisiana, jimbo la utumwa la kusini mwa Marekani, aliwasilisha kwa chama cha madaktari wa jimbo lake ripoti juu ya magonjwa ambayo alidai ni ya watu Weusi peke yao. Mojawapo alilipa jina la drapetomania, kutoka maneno ya Kigiriki ya mtoro na wazimu. Ni ugonjwa unaomfanya mtumwa atoroke. Kinga yake, aliandika, ni bwana kumtunza mtumwa kama mtoto, na akianza kununa bila sababu, apigwe viboko kabla hajakimbia. Huko majimbo ya Kaskazini wapo waliomcheka. Lakini usiishie kwenye kichekesho. Mtu amefungwa, anataka kutoka, na hamu yake ya kutoka inaandikwa kuwa maradhi. Hapo hakuna mgonjwa anayenyanyapaliwa, maana hakuna mgonjwa. Kuna mtu mzima wa afya ambaye sababu yake imefutwa.

Miaka kumi na moja kabla yake, sensa ya Marekani ya mwaka 1840 ilihesabu kwa mara ya kwanza watu waliotajwa kuwa wendawazimu. Matokeo yalidai kwamba katika majimbo yasiyo na utumwa Mweusi mmoja kati ya 162 alikuwa na kichaa, na katika majimbo ya utumwa mmoja kati ya 1,558. Yaani uhuru unawatia Weusi wazimu. Edward Jarvis, daktari wa Massachusetts, alizipitia takwimu hizo akakuta miji iliyoandikiwa vichaa Weusi ilhali haina mkazi Mweusi hata mmoja. Huko Worcester, vichaa Weusi 133 walioorodheshwa walikuwa ni wagonjwa Wazungu wa hospitali ya jimbo. James McCune Smith, daktari Mweusi wa New York aliyesomea Glasgow kwa sababu vyuo vya kwao vilimkataa, aliandika kwa Seneti mwaka 1844 kupinga hesabu hizo. Sensa haikurekebishwa. Mwaka huohuo John C. Calhoun, waziri wa mambo ya nje, alizitumia takwimu zilezile kuutetea utumwa mbele ya Waingereza.

Sasa tuje nyumbani, maana hapa ndipo neno unyanyapaa linapofunika mambo mengi kuliko kwingine.

Mathari ilifunguliwa Nairobi mwaka 1910 kama nyumba ya kuwafungia vichaa, ikapewa jina la hospitali mwaka 1924. Wagonjwa walitengwa kwa rangi: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao, na hali za sehemu hizo hazikulingana. Watu wengi wakisema ubaguzi wa hospitali za kikoloni wanamaanisha hili tu, kitanda na chakula. Ni kweli na ni aibu, lakini kilicho kizito zaidi kilikuwa mezani kwa daktari.

Katika miaka ya 1930 H. L. Gordon, daktari aliyehudumia Mathari, alikuwa mstari wa mbele wa walowezi waliodai kwamba akili ya Mwafrika ni pungufu kwa kuzaliwa. Alitegemea kazi ya F. W. Vint, mpathojia wa Nairobi aliyepima bongo za Waafrika waliofia hospitalini akatangaza kwamba ni ndogo na gamba lake la nje ni jembamba kuliko la Wazungu. Hawa hawakuwa watu wa pembeni. Walichapisha, walihutubia, na walisikilizwa na watu waliokuwa wakipanga shule gani Mwafrika ajengewe.

Kisha akaja J. C. Carothers. Alikabidhiwa Mathari mwaka 1938 akiwa daktari wa kawaida wa serikali ambaye hajasomea magonjwa ya akili, akaiongoza mpaka 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika katika afya na maradhi. Ni Mwafrika mmoja tu anayezungumziwa, kana kwamba Mkikuyu, Mzulu na Mhausa wana kichwa kimoja. Humo alidai kwamba Mwafrika wa kawaida hutumia kidogo sehemu ya mbele ya ubongo, akamfananisha na Mzungu aliyefanyiwa lobotomia, yaani upasuaji wa kukata nyuzi za sehemu hiyo ya ubongo. Alisisitiza pia kwamba sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, ni adimu sana kwa Waafrika, kwa kuwa hawabebi hisia ya wajibu na hatia jinsi Mzungu anavyoibeba.

Jiulize ushahidi ulitoka wapi. Sehemu kubwa ulitoka kwenye daftari la waliolazwa Mathari. Na nani alikuwa akifikishwa Mathari miaka ile? Aliyeletwa na polisi, na chifu, na mahakama, au na mwajiri wa shamba la mlowezi: mtu aliyepiga kelele, aliyevunja, aliyechoma moto. Mama aliyekaa kimya ndani ya nyumba wiki nzima, hali chakula, akijilaumu kwa kifo cha mwanawe, nani angempeleka Nairobi? Ndugu zake wangemtafutia mganga au wangemwita mzee wa kumwombea. Carothers alihesabu waliopita lango lake akadhani amehesabu nafsi za bara zima. Baadaye Margaret Field, aliyefanya utafiti vijijini Ghana na kuuchapisha mwaka 1960, alikwenda walikokwenda wagonjwa wenyewe, kwa waganga. Akakuta wanawake wengi wenye sonona kali, wakijishtaki wenyewe kuwa ni wachawi. Hatia ilikuwepo tele. Ilikuwa inasemwa kwa maneno ambayo daktari wa Mathari hakuwa na sababu ya kuyasikiliza.

Mwaka 1954, huku vita vya Mau Mau vikiendelea, Serikali ya Kenya ilichapisha ripoti ya Carothers huyohuyo juu ya saikolojia ya Mau Mau. Kilichotangulizwa ni mahangaiko ya watu walionaswa kati ya mila zilizovunjika na maisha mapya wasiyoyamudu. Mkikuyu aliyenyang'anywa shamba akaingia msituni akawa mtu wa kufafanuliwa na daktari wa akili, na makambi ya vizuizini yakazungumzwa kana kwamba ni mahali pa kuponyesha watu. Ukimweka Carothers kando ya Cartwright utaona mkono ni uleule: dai la haki linapelekwa kliniki, na likishafika huko hakuna tena wa kulijibu. Kusema kwamba hapo Waafrika walinyanyapaliwa ni kumwondoa Carothers kwenye maelezo. Unyanyapaa hauna mwandishi. Ripoti ile ina jina juu yake.

Lipo jambo jingine linalowachanganya hata wasomaji makini, kwamba ubaguzi lazima uwe na matusi au chuki ya mtu fulani. Frantz Fanon, daktari kutoka Martinique, alipofika hospitali ya Blida-Joinville huko Algeria, wakati huo koloni la Wafaransa, mwishoni mwa 1953, alikuta nadharia za Antoine Porot, daktari wa akili, na wafuasi wake wa Algiers waliofundisha kwamba Mwalgeria ni mwongo, mkali na mvivu wa kufikiri kwa maumbile yake. Fanon alizipinga. Akaanzisha tiba ya kijamii, wagonjwa wakutane, wacheze, waandike gazeti lao. Kwa wanawake wa Kizungu ilifaulu. Kwa wanaume Waislamu ilikwama kabisa. Yeye na mwenzake Jacques Azoulay walikaa chini wakatambua kwamba walikuwa wamewaletea watu hao sherehe na michezo ya Kifaransa, wakitarajia waifurahie kana kwamba ndiyo ya binadamu wote. Walipofungua mkahawa wa kienyeji, wakaadhimisha sikukuu za Kiislamu na kumwalika msimulizi wa hadithi, wadi ilianza kupumua. Hakuna aliyekuwa amemtukana mtu. Mfumo wenyewe ulikuwa umeamua mtu wa kawaida ni nani. Fanon alijiuzulu mwishoni mwa 1956, akieleza kwamba haiwezekani kumrudishia mtu akili zake katika nchi inayomnyima utu wake kila siku.

Marekani nitaipitia haraka. Virginia ilifungua hospitali ya vichaa Weusi peke yao mwaka 1870. Maryland ilifanya hivyo mwaka 1911 kule Crownsville, na wagonjwa wa kwanza, wanaume 12, ndio waliofyeka msitu na kuanza ujenzi wa hospitali yao wenyewe. Utengano huo uliendelea hadi miaka ya 1960. Ulipoondoka majengoni, ukabaki kwenye majina ya magonjwa. Mwaka 1968 madaktari wawili waliandika katika jarida kubwa la fani yao juu ya kichaa cha maandamano, ugonjwa waliodai kuuona kwa wanaume Weusi wa enzi ya kudai haki za kiraia. Mwaka 1974 tangazo la haloperidol, dawa ya kutuliza wagonjwa wa akili, katika jarida la madaktari wa akili lilionyesha mwanamume Mweusi aliyekunja ngumi barabarani. Skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti na kuamini yasiyokuwepo, ambao zamani ulihusishwa sana na watu Weupe wapole waliojitenga, ulianza kusomwa kama hasira ya Mweusi.

Wala si mambo ya makaburini. David Bennett, mgonjwa mwenye asili ya Jamaika, alikufa mwaka 1998 katika kliniki moja ya Norwich, Uingereza, baada ya wauguzi kumbana kifudifudi sakafuni kwa takribani dakika 25. Uchunguzi rasmi ulisema waziwazi kwamba huduma za akili za nchi hiyo zina ubaguzi wa rangi wa kitaasisi. Mpaka leo Weusi wa Uingereza hulazwa kwa nguvu ya sheria kwa kiwango kinachozidi mara tatu cha Weupe. Na mwezi Januari 2021 chama cha madaktari wa magonjwa ya akili cha Marekani kiliomba radhi hadharani kwa sehemu yake katika historia hii. Unyanyapaa hauombewi radhi na chama cha madaktari.

Najua mkanganyiko unatokea wapi. Tangu kampeni za UKIMWI tumezoea kusema "unyanyapaa na ubaguzi" kwa pumzi moja, na ubaguzi wa maneno hayo ni kunyimwa kazi au nyumba kwa sababu ya kuugua. Kwa hiyo mwezeshaji akishasema maneno hayo mawili anaona amemaliza. Mtu anaweza pia kubeba yote mawili kwa pamoja: Mwafrika aliyetoka Mathari mwaka 1945 alidharauliwa wodini kwa rangi yake, na huenda akadharauliwa kijijini kwa kuwa alilazwa. Waliomdharau kijijini hawakuwa walewale wa wodini.

Ndugu zangu mnaoandaa mafunzo haya, endeleeni na neno unyanyapaa mnapomzungumzia jirani, shemeji na mwajiri. Mkifika kwa Gordon, Vint na Carothers, semeni ubaguzi wa rangi, mtaje na aliyeandika, aliyechapisha, na hospitali zilizotoa hao wagonjwa. Na mkiwa na muda wa ziada, msimulieni pia Thomas Adeoye Lambo, Mnigeria aliyeanza mwaka 1954 kuwatibu wagonjwa wa Aro, Abeokuta, wakiishi na ndugu zao katika vijiji vya jirani, na ambaye katika miaka ya 1970 alifika kuwa naibu mkurugenzi mkuu wa Shirika la Afya Duniani, shirika lilelile lililokuwa limechapisha kitabu cha Carothers.