Ardhi ikihawilishwa haihami, ila si ya kijiji tena

Mtendaji wa kijiji alisoma hadi mwisho muhtasari wa kuhawilisha ardhi, watu wakapiga makofi. Kisha mama mmoja aliyeketi nyuma akanyoosha mkono: "Hiyo kuhawilisha ndiyo kama zile hela za TASAF?"

Alikuwa na haki ya kuuliza, maana neno ni lilelile la TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Kuhawilisha fedha ni kuzitoa serikalini na kuzifikisha mkononi mwa kaya maskini. Fedha zinasafiri, lakini shilingi inabaki shilingi. Neno lenyewe limetoka Kiarabu, ukoo mmoja na hawala ya kutumiana fedha.

Kwenye ardhi, kitu chenyewe hakisogei. Kisima kiko palepale, njia ya ng'ombe ni ileile. Kinachobadilika ni kundi. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inaigawa ardhi ya Tanzania katika makundi matatu: ya jumla (isiyo ya kijiji wala ya hifadhi), ya vijiji na ya hifadhi. Kuhawilisha ni kuitoa ardhi kundi moja na kuiingiza jingine.

Rais ndiye mwenye mamlaka ya kuhawilisha ardhi ya kijiji, lakini kijiji kina sauti. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huohuo, eneo lisilozidi hekta 250 mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, anayekubali au kukataa ni Waziri wa Ardhi, baada ya kupokea mapendekezo ya mkutano. Fidia nayo sharti ikubaliwe kwanza.

Wengi huchanganya na kubadilisha matumizi. Kiwanja cha makazi kikifanywa cha biashara, matumizi yamebadilika, kundi halijaguswa.

Linaloniuma zaidi ni neno kufichwa. Nimewahi kushika muhtasari wa kijiji ulioandikwa "wananchi wameridhia kumpatia mwekezaji eneo". Kumpatia! Wazee waliosaini waliniambia mwekezaji akiondoka wajukuu watalima. Hakuna aliyewaeleza kwamba kumpatia huko kulikuwa kuhawilisha, na kwamba muda wa mwekezaji ukiisha, ardhi hairudi kijijini yenyewe. Inabaki ya jumla.

Kwa hiyo nikiandaa muhtasari siku hizi naandika kitenzi na ncha zake mbili: "ihawilishwe kutoka ardhi ya kijiji kuwa ardhi ya jumla". Ncha ya pili ni "kuwa", si "kwenda kwa" fulani. Ukiona jina la mtu baada ya kitenzi hiki, hapo inazungumzwa milki, na hilo ni jambo jingine. (Wapo wanaoandika "haulisha". Mimi nashika w, kwa sababu ndiyo inayoliunganisha neno na hawala.)

Yule mama nilimjibu: "Hapana, mama. Zile hela zilikuja kwenu. Hii inatoka kwenu, ingawa mtaiona kila asubuhi."

Akaomba ile sentensi ya muhtasari isomwe tena, polepole.