Kutamba si Kushinda

Tambo ni maneno ya kujigamba mbele ya mshindani, na kitenzi chake ni kutamba. Kwa maana, hayo yanatosha. Kinachonikera ni jinsi vichwa vya habari vya zamani vinavyosomwa siku hizi. Mtu anapata kipande cha gazeti kilichopauka, kimeandikwa "Simba yatamba", anakirusha kwenye kundi la WhatsApp kuthibitisha kwamba siku ile Simba ilishinda. Jamani, mechi yenyewe ilikuwa bado haijachezwa!

Katika kurasa za michezo za Tanzania, kutamba kulikuwa habari inayojitegemea. Wiki ya pambano la watani wa jadi, mwandishi anakwenda kambini, kocha au kiongozi anaapa kwamba mpinzani hatoki salama, kesho yake gazeti linatoka na "Yanga yatamba kuiadhibu Simba". Kwenye ngumi ndiyo usiseme: bondia hupanda mzani kupima uzito huku akitaja raundi atakayommalizia mwenzake, na kichwa cha habari kinakuwa "atamba". Matokeo yalikuwa na vitenzi vyake. Timu ikishinda "yaua" au "yachapa"; ikifungwa "yalala". Msomaji wa wakati huo hakuchanganya kulala na kutamba.

Kuchanganya kumetokana na kazi ya pili ya kitenzi hiki. Wimbo unatamba redioni, msanii anatamba Afrika Mashariki nzima, mshambuliaji anatamba msimu huu: yaani anavuma, anang'ara. Ni Kiswahili safi na sina ugomvi nacho. Magazeti yenyewe hukitumia hivyo, hata kwa timu iliyokwisha kushinda. Lakini ukiichukua maana hiyo ukaibandika kwenye kila kichwa cha habari, unageuza ahadi kuwa matokeo.

Kutamba pia ni kutembea kwa maringo, kifua mbele, ili watu wakuone. (Kutambaa kwa mtoto mchanga ni neno jingine; tuliache.) Halafu kuna kutamba hadithi. Mwanafunzi yeyote wa fasihi simulizi nchini Kenya anamjua mtambaji, yule anayesimama mbele ya hadhira na kuisimulia ngano kwa sauti, mikono na uso. Ninachokiona katika matumizi yote haya ni hadhira. Hakuna atambaye peke yake chumbani. Ndiyo maana tambo zilinoga gazetini: kocha aliitamka ahadi yake mbele ya nchi nzima, na Jumatatu wasomaji walikuwa na cha kumuuliza.

Wengine husema "mbwembwe" wakikusudia tambo. Mbwembwe ni madoido: jezi mpya, msafara wa magari, chenga ya tatu isiyo na haja. Mtu anaweza kuwa na mbwembwe tele na asifungue mdomo. Tambo bila mdomo hazipo. Nyodo nazo ni dharau, na hapo ndipo wanaolaumu tambo hukosea, maana mwenye tambo humkuza mpinzani kidogo. Hakuna sifa katika kutamba kumpiga mnyonge. Muhammad Ali, bado akiitwa Cassius Clay, alimtambia Sonny Liston mwaka 1964 kwa sababu Liston alikuwa bingwa wa kuogopwa. Waandishi wengi wa Marekani hawakuupenda mdomo wake, wakadhani hofu ndiyo inayosema. Akamvua taji.

Nimesema tambo hutangulia mechi, lakini si lazima. Mashabiki wa Yanga bado wanawatambia wenzao kwa mabao 5-0 ya mwaka 1968, wakati Simba ikiitwa Sunderland, nao wa Simba wanajibu kwa 6-0 ya mwaka 1977. Hapo ushindi upo kweli, ila ulipatikana uwanjani miaka hiyo. Kinachoendelea leo kijiweni ni maneno.

Basi ukikutana na "yatamba" katika gazeti la zamani, soma neno linalofuata kabla hujalisambaza. Likiwa "kuifunga", "kuiadhibu", au lolote linaloanza na ku- namna hiyo, unasoma ahadi. Matokeo yatafute kwenye toleo la baada ya mechi, na usishangae ukikuta waliotamba ndio "walala".