Kibali Unacho, Maji Je?

Kila Oktoba, mabanio (malango ya kuingizia maji ya mto kwenye mifereji) ya bonde la Usangu, Mbeya, yakibaki na tope, wakulima hunijia na karatasi ileile, imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa nailoni. Ni kibali cha kutumia maji, kinachotolewa na Bodi ya Maji ya Bonde. Maneno nayo ni yaleyale: "Ada tumelipa, tumeandikiwa lita 200 kwa sekunde. Iweje Bodi ya Bonde ituambie tufunge lango?"

"Kibali kinanipa maji yangu." Hapana. Kibali kinakuruhusu kuchukua maji kama yapo, na usizidishe kiasi kilichoandikwa. Hizo lita 200 ni kikomo, si deni unaloudai mto. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, maji yote ni mali ya umma, na Rais ni mdhamini wake. Sheria hiyo imepanga pia nani atangulie: kwanza mahitaji ya binadamu, kisha mazingira, ndipo mashamba, viwanda na umeme. Maji yakipungua, Bodi ina mamlaka ya kupunguza kiasi kilichomo kwenye vibali.

Naamini kosa lilianzia kwenye jina. Chini ya sheria ya 1974 karatasi hiyo iliitwa haki ya maji, na wazee bado wanaiita hivyo. Mwambie mtu ana haki ya lita 200, atazidai Februari mto ukiwa umefurika, na atazidai Oktoba vilevile.

Tuseme mto umeshuka hadi lita 150 kwa sekunde. Skimu ya umwagiliaji iliyo juu ikishikilia karatasi yake, itaukausha mto wote. Na chini kuna vijiji vinavyokunywa, kuna mifugo, kuna kinamasi cha Ihefu. Maji ya Ihefu hayatoki kuingia mto Ruaha Mkuu mpaka yapande juu ya mwamba wa Ng'iriama. Yakishuka chini ya hapo mto unakatika, hata kama kinamasi kwa macho bado kina maji. Tangu 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, viboko wakibanana kwenye madimbwi. Mto huohuo ndio unaopeleka maji kwenye mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu.

Ninachowaambia kila mwaka ni hiki: jumuiya ya watumia maji iandike ratiba ya zamu mwezi wa tano, maji yakiwa bado mengi na watu wakiwa bado wanasalimiana. Mgawane kwa mafungu, si kwa lita. Skimu hii robo ya kinachotiririka, ile theluthi. Mto ukishuka, wote mnashuka pamoja. Na lango likifungwa lifungwe kweli! Nimeinama kwenye banio "lililofungwa" nikaingiza kiganja chote chini ya bati, maji yakipita usiku kucha, hayaendi kwenye jaruba lolote, yanaishia barabarani. Lita moja tu kwa sekunde ni lita 86,400 kwa siku.

"Mto unapita shambani kwangu." Unapita, nao unaendelea na safari. Hati ya ardhi haikupi maji. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingoni.

"Mfereji wa babu serikali haiutambui." Hii inaniuma, maana watu wanaacha chao. Sheria ya 2009 inatambua haki za maji za kimila na kuzipa hadhi sawa na zilizotolewa kwa kibali. Wenye mifongo, mifereji ya jadi ya Kilimanjaro, hili linawahusu. Ila ugomvi ukifika mezani, kisichoandikwa ni kigumu kukitetea. Kaeni na wazee wanaokumbuka mfereji ulikoanzia na zamu zilivyokuwa, kisha muombe Bodi iwaandikishe.

"Kisima changu, hakimhusu mtu." Cha kuchimba kwa mkono, kwa matumizi ya nyumbani, hakihitaji kibali. Ukileta mtambo wa kuchimbia unahitaji kibali cha Bodi na mchimbaji mwenye leseni, kwa sababu unayoyavuta wewe ndiyo anayoyavuta jirani yako. Nenda ofisi ya bonde kabla mtambo haujafika shambani. Mchimbaji akishashusha mabomba utalipa kwa mita, maji yapatikane au yasipatikane.