Je, wajua kwa nini wapita njia wengi hulikwepa daraja walilojengewa?

Ukisimama karibu na steji kubwa ya Thika Road au Mombasa Road jijini Nairobi saa moja asubuhi, huenda ukaona jambo hili. Juu kuna daraja la wapita njia. Chini, katikati ya magari, kuna watu wanaovuka mbio, mkono mmoja umeinuliwa kumsihi dereva apunguze mwendo, mwingine umeshika mtoto au mfuko. Daraja halijafungwa wala halina malipo. Mbona basi hawalipandi?

Jibu la abiria aliye dirishani mwa matatu ni moja: uvivu. Wapo wanaoongeza ukaidi, na wapo wanaosema watu hawajaelimishwa. Nimelisikia jibu hili mara nyingi mno, na kwa kuwa ndilo huamua pesa za barabara zitumikeje, linastahili kupimwa kwa makini. Halisimami.

Tuanze na wanaoitwa wavivu. Nairobi ni mji wa watu wa miguu. Takriban safari nne katika kila kumi mjini humu hufanywa kwa miguu kutoka mwanzo hadi mwisho. Alfajiri misururu hutoka Kibera, Mukuru na mitaa ya Eastlands kuelekea Industrial Area na katikati ya mji, na jioni hurudi kwa njia zilezile. Mtu aliyetoka Kibera akafika kiwandani amekwisha tembea kilomita kadhaa kabla ya zamu kuanza, kisha anasimama siku nzima. Huwezi kusema mtu huyo ameshindwa na ngazi arobaini kwa uvivu.

Tena kwa upande wa afya, huyu anafanya kile ambacho madaktari hutuhimiza sisi wengine tufanye. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea kwa hatua za haraka ni mojawapo. Nusu saa kwenda kazini na nusu saa kurudi, siku tano, ni dakika 300. Amefika kilele cha kiwango hicho bila kulipia gym na bila kutenga hata saa moja ya ziada.

Faida ya mwendo wa namna hii, ule uliofumwa ndani ya kazi na safari za kila siku, ilianza kuonekana kwenye mabasi. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva alikaa kitini siku nzima, naye kondakta alipanda na kushuka ngazi za basi akikata tiketi. Makondakta waliugua moyo kidogo kuliko madereva, na walipougua, ugonjwa ulikuja wakiwa na umri mkubwa zaidi. Makanga na dereva wa matatu zetu wangeielewa habari hiyo mara moja. Ila kuna tahadhari, na Morris na wenzake ndio walioigundua: walipochunguza vipimo vya sare, waliona kwamba madereva walikuwa na viuno vinene kuliko makondakta. Huenda basi si ngazi peke yake iliyowatenganisha, bali pia aina ya watu waliochagua kila kazi. Tafiti nyingi zilizofuata, katika nchi nyingi, ziliunga mkono wazo kuu kwamba mwendo wa kila siku huulinda moyo, lakini ule wa kwanza haupaswi kubebeshwa mzigo wote peke yake.

Vipi kuhusu kutoelimika? Hakuna mtu mzima Nairobi asiyejua kwamba gari huua. Wapita njia ndio kundi linalopoteza watu wengi zaidi katika ajali za barabarani Kenya, na kuna familia chache zisizojua mtu aliyegongwa. Bango la kumwambia mvukaji kuwa barabara ni hatari linampa habari aliyo nayo tangu utotoni.

Ukaidi nao hutibiwa kwa ua wa vyuma katikati ya barabara, na mara kwa mara kwa msako wa polisi. Ua husaidia mahali pengine. Lakini tazama ua wowote uliokaa miaka michache: kuna sehemu imekatwa, na pengo hilo liko palepale ambapo watu walikuwa wakivuka kabla ya ua kuwekwa. Msako nao ukiisha, uvukaji hurudi. Ukaidi ungekuwa umetapakaa kila mahali, ilhali mapengo haya yana ramani. Yanafuata steji, malango ya viwanda, shule na vichochoro vinavyotoka mitaani. Kitu chenye ramani kina sababu, na sababu hiyo inaweza kupimwa kwa saa.

Mwaka 1965 watafiti wawili, Moore na Older, walifanya hivyo. Walilinganisha muda wa kuvuka kwa kupitia daraja na muda wa kuvuka moja kwa moja chini, pamoja na kusubiri nafasi ya kupita. Muda ulipokuwa sawa, karibu watu wote, kama 95 kwa kila 100, walipanda daraja. Daraja lilipochukua muda mara moja na nusu ya ule wa chini, karibu hakuna aliyelipanda. Huo ndio ugunduzi ninaoona unastahili kujulikana zaidi. Ungetarajia idadi ishuke taratibu, lakini inaporomoka ndani ya nafasi ndogo sana. Watu walewale, wenye akili ileile na hofu ileile ya magari, wanatoka karibu wote hadi karibu hakuna kwa tofauti ya sekunde chache.

Fikiria mama mboga wawili. Mmoja yuko langoni kwako, fungu la sukuma ni shilingi 20. Wa pili yuko mbali kidogo, fungu lilelile ni shilingi 30. Utanunua kwa nani? Si kwamba huna mapenzi na yule wa pili. Bei yake akiishusha hadi 20, wengi hamtajali mnunue wapi. Akiiacha kwenye 30, atakaa na mboga zake hadi zinyauke, na hakuna tangazo litakalomwokoa. Sasa ongeza jambo moja: sukuma ya yule wa mbali imemwagiliwa maji safi zaidi. Hilo ni kweli na ni muhimu, lakini hulioni kwenye jani. Umekula ya jirani miaka mitano na hujaugua. Kila siku inayopita salama inakuambia umechagua vizuri. Usalama wa daraja ni kama yale maji safi. Aliyevuka chini jana alifika, na juzi alifika. Bei anayoiona ni dakika, na anailipa papo hapo, kila siku, mara mbili.

Basi tuhesabu bei ya daraja la kawaida. Ili lori lipite chini, lazima liinuke zaidi ya mita tano. Ukiongeza unene wa sakafu, mpita njia anapanda kama mita sita. Kwa ngazi za sentimita 15 hizo ni ngazi 40 kupanda na 40 kushuka, na wakati wa kupanda mwili hutumia nguvu zaidi ya mara mbili ya zile za kutembea tambarare. Daraja likiwa na mteremko wa kiti cha magurudumu, kipimo kinachokubalika ni kupanda mita moja kwa kila mita 12. Mita sita zinahitaji mteremko wa mita 72 kila upande. Unatembea mita 144 na bado hujahesabu upana wa barabara yenyewe.

Chini, barabara ya leni nne ina upana wa kama mita 14. Mtu wa mwendo wa kawaida, mita 1.2 kwa sekunde, anaimaliza kwa sekunde 12. Mpe na sekunde 20 za kusubiri: jumla 32. Kwa mteremko wa daraja atatumia zaidi ya dakika mbili. Hiyo ni mara nne, tena tukichukulia kwamba daraja liko mbele ya pua yake. Likiwa mita 150 kutoka steji, kwenda na kurudi hadi usawa ule ule ni mita 300, yaani dakika nne nyingine. Tunamtoza shilingi 80 fungu la 20, kisha tunashangaa hanunui.

Hesabu hii inaeleza pia jambo ambalo nadharia ya uvivu haiwezi. Thika Road, iliyofunguliwa rasmi mwaka 2012, ina sehemu zenye leni nane mbali na barabara za pembeni. Magari yanapokwenda kasi mfululizo, kusubiri nafasi chini kunaweza kuchukua dakika kadhaa, bei ya chini inapanda, na watu wengi hupanda daraja bila kusukumwa na mtu. Usiku magari yakipungua, kusubiri kunafupika, na chini kunakuwa rahisi tena. Usiku huohuo daraja lisilo na taa linaongeza bei ya aina nyingine: hofu ya kupigwa ngeta juu pale, mahali pasipo pa kukimbilia. Ndiyo maana wachuuzi wa madarajani, ambao askari wa kanjo huwafukuza kwa kuziba njia, wana faida isiyotajwa. Njia huziba kweli wakijaa, lakini penye muuza njugu na taa yake pana macho.

Je, madaraja basi ni kosa? Hapa lazima twende polepole. Vipimo vya Moore na Older ni vya zamani na si vya Nairobi. Kizingiti chetu kinaweza kuwa juu au chini kidogo ya mara moja na nusu. Kuna pia takwimu kutoka Mexico City inayotajwa sana, kwamba takriban robo ya vifo vya wapita njia vilitokea ndani ya mita 300 kutoka kwenye daraja. Wapo wanaoitumia kusema madaraja huua. Haithibitishi hivyo, kwa sababu madaraja hujengwa palepale ambapo barabara ni mbaya tangu hapo. Inachoonyesha ni kwamba daraja likishajengwa, hatari haiondoki yenyewe. Na zipo sehemu ambazo daraja halina mbadala: juu ya reli, na juu ya barabara ambayo haikukusudiwa kusimamisha gari hata kidogo.

Lakini barabara nyingi za Nairobi haziko hivyo. Ni barabara za mjini, zina steji, maduka na shule pande zote mbili, na kikomo cha mwendo mjini ni kilomita 50 kwa saa. Kwenye barabara kama hiyo swali la maana ni nani apande: mwenye injini au mwenye magoti? Kivuko kilichoinuliwa, yaani tuta pana bapa lenye milia ya zebra, hulipandisha gari sentimita 10 hivi. Daraja humpandisha mama mwenye mtoto mgongoni mita sita. Mkokoteni haupandi ngazi kabisa. Ukiweka na kisiwa katikati, mvukaji anashughulika na upande mmoja wa magari kwa wakati mmoja, na muda wake wa kusubiri unafupika.

Tuta pia hupunguza mwendo, na mwendo ndio unaoua. Nishati ya mgongano hukua kwa mraba wa mwendo, hivyo gari la kilomita 50 kwa saa hugonga kwa nishati ya karibu mara tatu ya lile la 30. Shirika la Afya Duniani limekuwa likieleza kuwa anayegongwa kwa mwendo wa 30 au chini ana nafasi ya kama asilimia 90 ya kuishi, na kwamba nafasi hiyo hushuka chini ya nusu kuanzia 45. Tafiti za karibuni hutoa makadirio yasiyo makali sana, ingawa mwelekeo ni uleule.

Kinachoniuma zaidi ni wale wasioonekana kwenye ajali. Mzee mwenye maumivu ya goti hapandi ngazi 80, na hawezi kukimbia chini. Anapanda boda ili avushwe barabara moja tu, au anaacha kwenda. Matembezi yake ya kila siku, yaliyokuwa dawa yake ya sukari na presha, yameishia ukingoni mwa lami. Madhara ya namna hiyo hayaandikwi kwenye takwimu za barabara.

Kaunti ya Nairobi ina sera ya usafiri usiotumia injini tangu mwaka 2015, na humo iliahidi kutenga asilimia 20 ya bajeti ya uchukuzi kwa watembeao kwa miguu na wapanda baiskeli. Mwaka 2019 Luthuli Avenue ilipanuliwa njia za wapita njia na magari yakapunguziwa nafasi, kwa hiyo mabadiliko ya namna hii yanawezekana hata katikati ya mji uliobanana.

Bajeti hizo hupitia vikao vya ushirikishwaji wa umma, ambavyo Katiba ya 2010 inavitaka. Kabla ya kwenda, chukua simu, upime muda wa kuvuka kwa daraja la mtaani kwenu kuanzia steji hadi steji ya upande wa pili, kwa mwendo wa mtu aliyebeba mzigo. Kisha simama pembeni, upime wanaovuka chini, pamoja na kusubiri kwao. Gawanya muda wa kwanza kwa wa pili. Jibu likizidi moja na nusu, peleka namba hiyo kikaoni na uombe kivuko kilichoinuliwa, kisiwa na taa, ukitaja kwa jina mahali ambapo watu tayari huvukia.